Kitabu cha "Maswali na Majibu": Ununue au Uache? Historia ya Miaka Elfu Moja

Miezi michache iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia picha kwenye WhatsApp. Yuko kidato cha nne. Picha ilikuwa ya kitabu kilicholazwa juu ya meza ya muuza vitabu, pembeni ya kituo cha daladala. Jalada lina rangi zote unazozijua, na maandishi makubwa yanaahidi maswali ya miaka kumi pamoja na majibu yake yote. Bei ni elfu kumi na tano. Chini ya picha akaandika: "Kaka shikamoo. Nikinunue? Mama kasema nikuulize wewe uliyesoma."

Hilo si swali dogo. Elfu kumi na tano nyumbani kwao ni mafuta ya kula, ni sukari, ni nauli ya siku kadhaa za shule. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikashindwa. Mimi mwenyewe nilivinunua vitabu hivyo nikiwa shule, vingine vikanisaidia na kimoja kikaniumbua, nitakusimulia. Tena kazi yangu ya utafiti sasa hivi ni historia ya mitihani, na kumbe swali la mdogo wangu lina umri wa miaka elfu moja. Watu wameliuliza, wameligombania, na serikali zimelipigia marufuku. Basi makala hii ni jibu langu kwake, na kwako pia kama una mtihani mbele yako au una mtoto mwenye mtihani.

Nukta mbili zilizopotea

Tuanzie China. Kuanzia enzi ya wafalme wa Sui, karne ya 7 ikiwa ndiyo kwanza inaanza, dola ya China ilianza kuchagua maofisa wake kwa mtihani wa kuandika. Utaratibu huo ulikuzwa na enzi zilizofuata, ukadumu hadi 1905. Hebu fikiria: miaka 1,300 ya mitihani ya taifa! Aliyefaulu ngazi za juu aliingia kwenye utumishi wa serikali, na ukoo wake wote ukainuka. Aliyefeli alirudi kujaribu tena, na wapo waliojaribu hadi mvi zikawatoka.

Katika enzi ya Song (960–1279) mambo mawili yalikutana. Idadi ya watahiniwa iliongezeka sana, na uchapaji wa vitabu kwa vibao vya mbao ukaenea. Unajua kitakachofuata. Palipo na watahiniwa wengi wenye hofu na mashine ya kuchapa, hapakosi mfanyabiashara. Huko Jianyang, katika mkoa wa Fujian, na hasa sehemu iitwayo Masha, wachapaji walianza kutoa vitabu vya bei nafuu kwa wingi, vikiwemo vya kusaidia watahiniwa: mkusanyiko wa insha za waliofaulu, muhtasari wa vitabu vikubwa, orodha za nukuu zilizopangwa kwa mada. Mwandishi wa wakati huo, Ye Mengde, aliweka uchapaji wa Fujian daraja la mwisho kwa ubora. Sababu aliyoitoa ni kwamba walichonga kwenye mbao laini ili kazi iende haraka, lakini alikiri kuwa vitabu vyao vilikuwa vimeenea karibu kila mahali. Yaani vilikuwa rahisi, vikapatikana, vikanunuliwa. Serikali ilipiga marufuku baadhi ya vitabu hivyo zaidi ya mara moja, hasa vile vidogo vya kufichwa kwenye mkono wa kanzu. Marufuku hazikufua dafu.

Sasa sikia kisa ambacho mshairi Lu You (1125–1210) alikiandika kwenye kumbukumbu zake. Mwalimu mmoja wa chuo alitunga swali la jaribio kutoka Yijing, kitabu cha kale ambacho kila mtahiniwa alipaswa kukijua. Swali lilikuwa hivi kwa ufupi: kitabu kinasema alama iitwayo Qian ni metali, tena kinasema alama iitwayo Kun nayo ni metali, je, kwa nini? Wanafunzi wakamwendea kwa adabu wakasema swali lina utata. Mwalimu kwanza alikunja uso, kisha akawapa maelezo ya kwa nini Kun ni metali. Walipomaliza kumsikiliza, wakatoa taratibu nakala iliyochapwa na chuo cha serikali. Wakamwambia huenda mwalimu amesoma nakala ya Masha, maana kwenye nakala ya serikali Kun ni chungu cha kupikia.

Katika maandishi ya Kichina, neno hilo la chungu na neno la metali hutofautiana kwa vialama viwili vidogo vya juu. Mchonga kibao wa Masha alivisahau, au vilikatika kwenye ile mbao laini. Mwalimu aliona haya, akakubali kulipa faini, akabadilisha swali.

Ninachokipenda na kinachonitisha kwenye kisa hiki si kosa la uchapaji. Makosa yapo kila mahali, hata humu yanaweza kuwepo. Kinachotisha ni kwamba mwalimu alikuwa *ameshapata maelezo*. Alieleza kwa nini Kun ni metali, kitu ambacho hakipo, na maelezo yake yakasikika kama maelezo. Ukishaamini jibu lililochapwa, akili yako inakutafutia sababu.

Najua kwa sababu yalinikuta. Kidato cha tatu nilinunua kitabu cha maswali na majibu ya Fizikia. Kulikuwa na swali la rizista mbili, ya omu 6 na ya omu 3, zimeungwa sambamba, tafuta ukinzani wa jumla. Kitabu kikajumlisha vizuri kabisa: moja ya sita kujumlisha moja ya tatu, unapata nusu. Halafu kikaandika jibu: omu 0.5. Kilisahau hatua ya mwisho ya kugeuza. Ile nusu ni moja gawanya kwa ukinzani, kwa hiyo ukinzani wenyewe ni omu 2. Nami nilikariri hatua zote na kosa likiwemo. Tulishafundishwa kanuni ya kujihakiki, kwamba jibu la sambamba lazima liwe dogo kuliko rizista ndogo kuliko zote. Nikahakiki: 0.5 ni ndogo kuliko 3, sawa! Nikawaeleza na wenzangu wawili. Kwenye mtihani wa muhula tukakosa wote watatu kwa mtindo mmoja, na mwalimu akadhani tumeibiana.

Desa la tajiri na desa la maskini

Hadi hapo unaweza kudhani nitamwambia mdogo wangu akiache kitabu. Subiri kwanza. Historia ina upande wa pili.

Twende mbele hadi enzi za Ming (1368–1644) na Qing (1644–1912). Mtihani wa China sasa ulitaka insha ya muundo maalumu wa sehemu nane, na mada zake zilitoka hasa kwenye Vitabu Vinne vya mafunzo ya Confucius. Vitabu Vinne ni vichache. Ukitunga maswali kila baada ya miaka mitatu kutoka kitabu kilekile, mwaka baada ya mwaka, mwisho maswali yanaanza kujirudia. Hapo ndipo mchezo wa kubashiri maswali unapozaliwa, China ya wakati ule na kwetu leo.

Msomi Gu Yanwu (1613–1682) aliuchukia mtihani wa namna hii kiasi cha kusema madhara ya zile insha yalilingana na yale ya kuchomwa kwa vitabu katika China ya kale. Lakini kilichonivutia mimi ni maelezo yake ya jinsi watu walivyojiandaa. Anasema mada zinazoweza kutungwa kutoka kitabu kimoja cha kale hazizidi makumi kadhaa. Kwa hiyo familia tajiri ziliajiri wasomi wenye majina, zikawaweka nyumbani, zikawalipa kwa kila insha, wakaandika insha moja kwa kila mada inayotarajiwa. Watoto wakazikariri zote. Wakiingia kwenye mtihani, mada nane au tisa katika kumi zilikuwa zilezile walizozikariri.

Soma tena aya hiyo polepole. Twisheni binafsi, nyumbani, kwa mwalimu bingwa, yenye majibu yaliyoandaliwa kabla. Hilo lilikuwa desa la tajiri, halikuuzwa barabarani na wala hakuna aliyelipigia marufuku.

Sasa mtoto wa mkulima afanye nini? Hana msomi wa kumweka nyumbani. Alichokuwa nacho ni kitabu cha bei nafuu chenye insha zilizochapwa, kilichokusanywa na mtu aliyeajiriwa na muuza vitabu. Riwaya ya Wu Jingzi kuhusu wasomi, iliyoandikwa katikati ya karne ya 18, inamchora mtu wa aina hiyo. Jina lake ni Ma, msomi ambaye mwenyewe hakufanikiwa kupanda ngazi, anaishi kwa kuchagua insha za mtihani na kuziwekea maelezo kwa ajili ya wachapaji. Mwandishi anamcheka kidogo, lakini anamwonyesha pia kuwa mtu mwema. Na kwa kweli mtu kama Ma alikuwa anauza kwa fedha kidogo kivuli cha kile ambacho tajiri alikinunua kizima.

Kwa hiyo, ukimsikia mtu anayedharau vitabu vya maswali na majibu, muulize taratibu yeye alisoma wapi. Mara nyingi utakuta shule yake ilikuwa na walimu wote wa sayansi, maabara, na majaribio kila Jumamosi. Kwa mtoto ambaye shule yake ina mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vinne, kile kitabu cha mezani ndicho pekee kinachomwonyesha mtihani unafananaje.

Ulifikaje huku kwetu

Mfumo huu wa mtihani wa maandishi ulifika kwetu kupitia Uingereza. Mwaka 1854 ripoti ya Northcote na Trevelyan ilipendekeza watumishi wa serikali ya Uingereza wapatikane kwa mtihani wa ushindani, badala ya kujuana. Wapo wanahistoria wanaoona mfano wa China ulichangia wazo hilo, na hata katika mijadala ya wakati ule jina la China lilitajwa. Mwaka 1855 mtihani wa wazi ukaanza kutumika kwa watumishi wa kiingereza waliopelekwa India. Kilichofuata unakijua tayari: London ikajaa walimu binafsi waliokuwa wakiwaandaa vijana kwa mtihani huo kwa malipo.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kikaanza kutahini wanafunzi wa shule. Mitihani yake ikavuka bahari na ukoloni, na babu zetu waliosoma sekondari walifanya mitihani ya Cambridge, iliyosahihishwa Uingereza. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, na 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, likaundwa kwa sheria. Kenya ikapata KNEC 1980, Uganda ikapata UNEB 1983.

Mabaraza yalibadilika, ila hali ileile ilibaki. Kuna mtihani mmoja unaoamua mambo makubwa, kuna silabasi yenye mipaka, na kuna maswali ya miaka iliyopita. Masha yetu ni meza za vitabu mjini na steshenari zinazotoa kopi za madesa usiku na mchana.

Utafiti unasemaje?

Historia inatuonyesha mchezo, lakini haitupimii kama kitabu kinaongeza alama. Kwa hilo tuangalie majaribio matatu.

La kwanza lilifanyika jirani kabisa, Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Kuanzia 1996 watafiti walichukua shule 100 za msingi, na kwa bahati nasibu wakachagua 25 zipewe vitabu vya kiada kwanza. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha matokeo 2009. Kwa wastani, vitabu havikupandisha alama. Lakini ukiwatenganisha wanafunzi unaona jambo: waliokuwa tayari wanafanya vizuri kabla ya mradi walinufaika, na wengine hawakunufaika. Maelezo yao ni kwamba vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko, na vilifuata silabasi iliyomfaa zaidi mwanafunzi aliyeko mbele. Hivyo vilikuwa vitabu vya kiada, si vya rivisheni, lakini funzo linatuhusu. Kitabu humsaidia anayeweza kukisoma.

La pili pia ni la magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998, katika shule 100. Nusu ya shule ziliambiwa walimu watapewa zawadi wanafunzi wakifanya vizuri kwenye mtihani. Walimu wakaongeza vipindi vya kujiandaa na mtihani. Alama za mtihani ule wenye zawadi zikapanda, lakini mahudhurio ya walimu hayakuongezeka, wala kazi za nyumbani. Na baada ya mradi kwisha, faida ile haikudumu. Kujiandaa na mtihani kulileta alama za mtihani, basi.

La tatu ni la saikolojia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo aya fupi za sayansi wazisome. Baadaye kundi moja lilisoma tena aya ileile. Kundi jingine liliambiwa lifunike na kuandika kila linachokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81, na waliojitahini asilimia 75. Ungewauliza siku hiyo, wangesema kurudia kusoma ndiyo dawa. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojitahini asilimia 56.

Angalia ujanja uliopo hapo. Kusoma tena kunakupa *hisia* ya kujua. Unapitia swali, unapitia jibu, kichwa kinasema "aa, hili nalijua". Usiku wa kuamkia mtihani hisia hiyo ni tamu sana. Wiki ikipita, inayeyuka. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea na kuzipanga kwa manufaa. Mbili tu zilipata daraja la juu: kujipa majaribio, na kuyagawa masomo kwa siku nyingi badala ya kuyarundika. Kurudia kusoma na kupaka rangi mistari kwenye kitabu vilipewa daraja la chini.

Sasa rudi kwenye kile kitabu cha elfu kumi na tano. Ndani yake kuna vitu viwili: maswali na majibu. Maswali yake ni jaribio la kujitahini, mbinu bora kuliko karibu zote. Majibu yake, yakichapwa hapohapo chini ya swali, yanakualika kwenye mbinu dhaifu ya kusoma tu. Kitabu kimoja kinaweza kukuinua au kukulaza usingizi, kutegemea jicho lako linatua wapi kwanza.

Kitabu kinapokufa

Kabla ya jibu, jambo moja la mwisho kutoka China. Mwaka 1901 serikali ya Qing, ikiwa imebanwa kila upande, iliamuru insha za sehemu nane zifutwe kwenye mtihani. Wauza vitabu wakahama haraka, wakaanza kuuza mikusanyiko ya insha za mambo mapya, siasa na elimu za Magharibi. Mwaka 1905 mtihani wenyewe ukafutwa. Fikiria mtu aliyekuwa amekariri mamia ya insha kwa miaka kumi. Karatasi zake zikawa za kufungia karanga.

Usicheke, maana yanatokea. Kenya ilifanya mtihani wa KCPE kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na vitabu vyote vilivyoandikwa kwa ajili yake vikazeeka kwa siku moja. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya mwaka 2024. Kitabu cha "miaka kumi iliyopita" kinaweza kuwa na mada ambazo hazimo tena kwenye muhtasari wa somo lako, au kikakosa zilizoongezwa. Muuza vitabu hatakwambia. Naye ana mzigo anaotaka uishe.

Nilichomjibu mdogo wangu

Nilimpigia simu jioni, maana mambo haya ni marefu kwa kuandika. Nilimwambia hivi.

Kwanza, kabla hujatoa hata shilingi, chukua cha bure. NECTA inaweka kwenye tovuti yake mitihani ya miaka iliyopita, na fomati za mitihani zinazoonyesha karatasi itakuwa na sehemu ngapi. Kuna pia hazina ambayo wanafunzi wengi hawaijui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo unaonyeshwa swali kwa swali, wangapi walipata, wangapi walikosa, walikosea wapi, pamoja na mifano ya majibu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Hakuna kitabu cha mezani kitakachokupa hicho. Gharama yake ni bando.

Pili, kama hujaelewa mada, kitabu cha maswali na majibu hakitakufundisha. Wale watoto wa Busia wametuonyesha. Mada usiyoielewa inataka kitabu cha kiada, mwalimu, au mwenzako anayeielewa. Kitabu cha rivisheni ni cha mtu aliyeshasoma na anataka kujipima.

Tatu, kabla ya kununua, kifungue hapohapo mezani. Angalia mwaka wa kuchapwa na kama kimeandikwa kwa muhtasari wa sasa. Chagua swali moja ambalo una uhakika nalo kabisa, kisha soma jibu lake. Ukikuta limekosewa, rudisha kitabu na ushukuru. Angalia kama majibu yamewekwa nyuma ya kitabu au chini ya kila swali. Ya nyuma ni bora. Na angalia kama jibu linaonyesha hatua, maana jibu lisilo na hatua haliwezi kukaguliwa.

Nne, ukishanunua, fanya swali kwa karatasi tupu, kitabu kimefungwa na saa mbele yako. Ukimaliza ndipo ufungue majibu. Usifanye sura nzima usiku mmoja. Fanya maswali machache leo, machache keshokutwa, kisha rudia yaliyokushinda baada ya wiki.

Tano, jibu lako likitofautiana na la kitabu, usiharakishe kujifuta. Mkumbuke mwalimu wa Kun. Peleka kwa mwalimu, mjadiliane, mjue nani kakosea.

"Kwa hiyo ninunue au nisinunue?" akauliza. Si unajua watoto wa siku hizi, wanataka neno moja.

Nikamwambia: kwa somo ambalo umeshalielewa, na kama kitapita ule ukaguzi wa mezani, nunua, lakini usinunue peke yako. Kwa somo ambalo hulielewi, hiyo elfu kumi na tano ina kazi nyingine nyumbani.

Walikinunua watatu, yeye na rafiki zake wawili, elfu tano tano. Mama mdogo akabana kurasa za majibu kwa pini, akakaa nazo yeye. Hiyo sikumshauri mimi, ni akili yake mwenyewe, na naona imezidi zote nilizozisoma. Wakimaliza maswali wanakwenda kwake, anafungua, wanasahihisha.

Wiki iliyopita nimepokea picha nyingine. Ni ukurasa wa daftari, mwandiko wa mdogo wangu, hesabu imefanywa kwa hatua nne. Pembeni yake ni jibu la kitabu, tofauti na lake. Chini ameandika: "Kaka, tumerudia mara tatu wote watatu. Tunaona kitabu ndicho kimekosea. Tumeshampelekea mwalimu. Na wewe hebu fanya, halafu utuambie, ila usiangalie ya kwetu kwanza."

Nimechukua karatasi tupu.